Paa Linalofanya Nusu ya Kazi



Mwezi Februari 2025 Serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa takriban wiki mbili, na sababu iliyotajwa ilikuwa jua. Naibu Waziri wa Elimu alieleza kwamba jijini Juba wanafunzi wapatao 12 kwa wastani walikuwa wakizirai kila siku. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2024, shule za nchi nzima zilikuwa zimefungwa kwa sababu iyo hiyo, joto likitarajiwa kufika nyuzi 45. Na katika siku zile za Februari, Waziri wa Mazingira aliwataka wakazi wabaki ndani na wanywe maji.

Nakuomba uyasome tena maneno hayo mawili: wabaki ndani. Ndani ya nini? Shule nyingi za nchi ile ni majengo ya mabati yasiyo na umeme. Kumwambia mtoto akimbilie chini ya bati tupu saa nane mchana ni sawa na kumwambia mtu anayeungua moshi ajisitiri jikoni. Simlaumu waziri kwa kutoa nasaha ambayo madaktari wa dunia nzima huitoa. Nalaumu kwamba nasaha njema imekosa nyumba ya kutekelezewa. Shauri la kubaki ndani lina maana pale tu ambapo ndani kuna ubaridi kuliko nje.

Hoja yangu leo ni moja, nami nitaisema mapema ili usinitafute katikati ya makala. Paa lina kazi mbili: kuzuia mvua na kuzuia jua. Kwa fedha za kodi yako na yangu, majengo ya umma katika ukanda wetu yamekuwa yakiezekwa kwa mapaa yanayotimiza kazi ya kwanza na kuipuuza ya pili. Nadai kwamba katika maeneo ya joto, shule, zahanati, soko au ofisi yoyote ya umma isiezekwe wala isikarabatiwe tena bila paa lake kuwa la rangi nyeupe au nyingine inayoakisi jua. Nadai pia kwamba sharti hilo liandikwe katika zabuni, lisiachwe kwa hisani ya fundi wala kwa mapenzi ya kiongozi anayependa rangi fulani.

Huenda utaniambia kwamba mambo ya Juba ni ya Wasudan. Sivyo. Jua linaloichoma Juba haliulizi hati ya kusafiria pale Nimule. Anayevuka mpaka huo na kuingia Uganda hukutana na Elegu, kisha Adjumani, na akielekea mashariki hukutana na Kitgum na Karamoja. Kote huko jua ni lile lile na bati ni lile lile. Katika makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, watoto waliokimbia vita Sudan Kusini wanasoma wakiwa upande wetu wa mpaka. Ikiwa tumewapokea kwa moyo mkunjufu, basi tusiwape darasa lenye kasoro ile ile waliyoiacha nyumbani.

Jinsi bati linavyotudanganya

Watu wengi hudhani kwamba bati jipya, kwa kuwa linang'aa, linafukuza jua vizuri. Hapa ndipo tunapodanganyika, na ni lazima tuelewe ili tusidanganyike tena.

Joto la paa linategemea tabia mbili. Tabia ya kwanza ni kiasi cha miale ya jua ambacho paa linakiakisi, yaani linakirudisha angani badala ya kukimeza. Tabia ya pili ni wepesi wa paa kutoa joto ambalo tayari limelimeza. Bati tupu lililopakwa zinki, likiwa jipya, linafanya vizuri kiasi katika tabia ya kwanza: linarudisha sehemu kubwa ya mwanga. Lakini katika tabia ya pili ni bahili kupindukia. Kile kidogo linachokimeza halikitoi kwa urahisi kuelekea angani; linakilimbikiza mpaka linawaka, kisha linakishusha chini kwa wanaoketi ndani. Ndiyo maana bati linalometameta linaweza kuunguza kiganja.

Na huo ni ujana wake. Baada ya miaka kadhaa ya mvua na vumbi, mng'ao unafifia, kutu inaanza, na rangi ya bati inakuwa ya kahawia. Sasa linameza zaidi. Ama mabati ya rangi ya maruni, kijani kibichi au kijivu cha makaa, ambayo siku hizi huhesabiwa kuwa ishara ya maendeleo, hayo kwa kawaida humeza jua tangu siku yanapopigiliwa misumari. Wizara ya Nishati ya Marekani hueleza kwamba paa la kawaida katika jua kali la kiangazi linaweza kufika nyuzi 66 au zaidi, ilhali paa linaloakisi, katika hali iyo hiyo, linaweza kuwa na joto pungufu kwa zaidi ya nyuzi 28.

Rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa inatibu kasoro zote mbili kwa pamoja. Ikiwa mpya hurudisha takriban asilimia 80 ya nguvu ya jua, na hicho kidogo inachokimeza inakitoa kwa wepesi kuelekea angani. Haihitaji umeme wala vipuri. Haina kelele, na ikimalizika kupakwa inafanya kazi kila siku jua linapochomoza, hata siku ambayo mwalimu mkuu hayupo.

Wazee walijua

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani yake tunapenda kuwaambia wanafunzi kwamba lugha ni ghala la maarifa. Basi tulifungue ghala. Maneno *makuti* na *chokaa* ni maneno ya ujenzi, na yote mawili yana elimu ya joto ndani yake. Paa la makuti, kama lile la nyasi huku bara, ni nene, lina hewa katikati ya tabaka zake, na jua likilipiga juu halifiki chini kwa urahisi. Katika miji ya mawe kama Lamu na Zanzibar, mafundi walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakapaka kuta ambazo mpaka leo zinarudisha mwanga wa mchana. Hawakuwa na kipimajoto, lakini walijua kwamba nyeupe hutuliza.

Sikuombi urudi kwenye nyasi. Nyasi huvuja, huliwa na mchwa, hushika moto, na hutaka kuezekwa upya mara kwa mara. Bati lilishinda kwa haki: ni jepesi, linabebeka kwenye baiskeli, linadumu, na linakusanya maji safi ya mvua. Kosa letu ni kwamba tulipokea faida ya bati bila kuuliza tumepoteza nini katika mabadilishano hayo. Tulipata ukavu, tukapoteza kivuli halisi. Kivuli cha bati ni giza lenye joto.

Waliotutangulia

Kama jambo hili lingekuwa ndoto ya mwalimu mmoja, ungekuwa na haki ya kulipuuza. Lakini tayari ni sera na sheria penginepo, na si kwa matajiri pekee.

Mji wa Ahmedabad, magharibi mwa India, ulipatwa na wimbi la joto mwezi Mei 2010. Joto lilifika nyuzi 46.8, na watafiti walipolinganisha vifo vya mwezi huo na vya miaka ya kawaida walikuta vifo 1,344 vya ziada. Mji haukusema kwamba hayo ni majaaliwa. Mwaka 2013 ulianzisha mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza wa aina yake katika Asia ya Kusini, na mwaka 2017 ukaongeza kazi ya mapaa: wakazi na watu wa kujitolea walipanda juu ya nyumba za mitaa ya maskini wakiwa na ndoo na brashi, wakayapaka mapaa takriban 3,000 rangi nyeupe, mengi yao kwa chokaa ya bei nafuu. Wahusika wa mpango huo hutaja upungufu wa nyuzi 2 hadi 5 ndani ya nyumba. Nyuzi 3 zinaweza kuonekana ndogo kwako unayesoma haya ukiwa mzima. Kwa mtoto mchanga, kwa mjamzito, kwa mzee mwenye moyo dhaifu, zinaweza kuwa tofauti kati ya usiku wa usingizi na usiku wa hospitali.

Mwaka 2023 jimbo la Telangana, katika nchi iyo hiyo, lilikwenda mbali zaidi: lilitangaza sera inayolazimisha majengo yote ya serikali na ya biashara kuwa na mapaa ya kuakisi jua, pamoja na nyumba za makazi zilizo kubwa, huku wenye nyumba ndogo wakiachiwa hiari. Angalia mpangilio huo, kwa kuwa una hekima. Serikali ilianza na paa lake yenyewe. Mwenye uwezo alibebeshwa wajibu, na mnyonge hakutishiwa faini.

Hata mji unaoonja baridi kali umefanya hivyo. New York ilianzisha mwaka 2009 mpango wa kupaka mapaa rangi nyeupe, na katika muongo wake wa kwanza zaidi ya futi za mraba milioni 10 zilikuwa zimepakwa. Los Angeles ilipitisha mwishoni mwa 2013 sharti kwamba nyumba mpya za makazi ziwe na mapaa ya kuakisi. Ikiwa mji ambao theluji huuangukia umeona faida, sisi ambao jua hutupitia utosini tunangoja ishara gani?

Umeme wa kutoa joto tulilolikaribisha

Najua kuna atakayejibu: maendeleo yatatuletea viyoyozi. Tusubiri tu umeme ufike.

Kiyoyozi hakiangamizi joto. Kinalitoa chumbani na kulimwaga nje, kikiongeza juu yake joto la mashine yenyewe. Anayenufaika ni aliye ndani ya dirisha lililofungwa. Anayepokea ni mpita njia, mama muuza ndizi kando ya ukuta, na jirani asiye na kiyoyozi. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba viyoyozi na feni vilikuwa vikitumia takriban asilimia 10 ya umeme wote wa dunia. Na gesi zinazotumiwa ndani ya mashine nyingi za aina hii, zikivuja, hulipasha joto anga zima. Ndiyo sababu mataifa yalikutana katika mji wa jirani zetu, Kigali, Oktoba 2016, yakaafikiana kuzipunguza hatua kwa hatua. Makubaliano yale yanabeba jina la mji wa Afrika Mashariki. Ingependeza kama na mapaa yetu yangebeba maana yake.

Bwawa la Karuma, lililozinduliwa rasmi mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 600, na limejengwa kwa mkopo ambao vizazi vitaulipa. Umeme huo una kazi za kufanya: kuendesha viwanda, kuhifadhi chanjo, kuwasha taa za wodi ya wazazi. Kuutumia kusukuma nje joto ambalo tungelizuia kwa ndoo za rangi ni israfu. Sisemi kiyoyozi kipigwe marufuku. Chumba cha upasuaji na ghala la dawa vinakihitaji. Nasema kwamba hata palipo na kiyoyozi, paa jeupe hukipunguzia mzigo na kuipunguza ankara. Na palipokosekana umeme kabisa, paa ndilo kiyoyozi pekee ambacho maskini anaweza kukimiliki.

Hapa pana jambo linaloniuma, nami sitalificha kwa adabu. Anayechagua rangi ya paa la shule mara nyingi haketi chini yake. Michoro huidhinishwa katika ofisi zenye dari, feni na madirisha mapana. Wanaoketi chini ya paa lile kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni ni watoto wasio na kura, na mwalimu asiye na sauti katika kamati ya zabuni. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini maiti hasemi. Watoto wetu wanaweza kusema, nasi tunaweza kuwasemea.

Pingamizi na majibu yake

Nimeyasikia mapingamizi mengi. Nitayachukua yale yenye uzito.

*La kwanza: "Kuna mambo muhimu zaidi, kama chakula, vitabu na madawati."* Nakubali kwamba njaa haifundishiki. Lakini vitabu na madawati yote hutumiwa chini ya paa. Watafiti wa Marekani waliochunguza matokeo ya mitihani ya wanafunzi wapatao milioni 10, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walikuta kwamba mwaka wa masomo ukizidi joto kwa kipimo cha digrii 1 ya Farenihaiti, ambayo ni chini kidogo ya nyuzi 0.6 zetu, yale yaliyojifunzwa mwaka huo hupungua kwa takriban asilimia 1 katika shule zisizo na viyoyozi. Basi joto linakula kitabu ulichokinunua, na linakula mshahara wa mwalimu unayemlipa. Anayetaka thamani ya fedha zake za elimu hana budi kuangalia juu.

*La pili: "Ni ghali."* Tutofautishe. Paa jipya linaponunuliwa, bati la rangi iliyokoza na bati la rangi nyeupe la kiwanda hutoka katika mashine za aina moja. Kuchagua hafifu badala ya iliyokoza ni uamuzi wa kalamu kabla ya kuwa uamuzi wa fedha. Paa kuukuu ndilo lenye gharama: lisafishwe, kutu ikwanguliwe, rangi ya msingi ipakwe, kisha ile nyeupe. Hilo lifanywe siku za ukarabati wa kawaida, ambao lazima ufanywe hata hivyo. Tena tusisubiri maajabu ya maabara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walitangaza mwaka 2021 rangi inayorudisha zaidi ya asilimia 98 ya jua. Ni habari njema, lakini rangi nyeupe ya kawaida ya paa inatosha kuanzia.

*La tatu: "Vumbi letu litalichafua."* Ni kweli. Paa jeupe hupoteza sehemu ya uwezo wake kadiri vumbi na ukungu vinavyotanda. Lakini paa jeupe lililochafuka bado linalishinda paa jeusi lililo safi, na mvua yetu ya masika ni mfagizi asiyedai ujira. Palipo na kiangazi kirefu, paa lioshwe mara moja kwa mwaka. Shule inayopaka chokaa mawe ya bustani kabla ya mgeni rasmi kuwasili haiwezi kuniambia kwamba haina mikono ya kufanya usafi.

*La nne: "Tutakunywa rangi pamoja na maji ya mvua."* Hili ni pingamizi la haki, na jibu lake ni uangalifu. Rangi yenye madini ya risasi ni sumu kwa watoto, na isiruhusiwe kwenye paa wala ukutani. Inunuliwe rangi iliyothibitishwa kwa mapaa yanayokusanya maji ya kunywa, na mvua za kwanza baada ya kupaka zimwagwe. Katika visiwa vya Bermuda, ambako mito haipo, watu wamekunywa maji ya mapaa yao meupe kwa karne kadhaa. Weupe na usafi wa maji vinaweza kukaa nyumba moja.

*La tano: "Kwetu ni baridi."* Basi hoja yangu haikuhusu sana, na sitaki kukulazimisha. Kabale na nyanda za juu nyingine zinazofanana nayo zina mahitaji yake. Ndiyo maana nimesema tangu mwanzo: maeneo ya joto. Sheria njema hutazama ramani kabla ya kuamuru.

*La sita: "Chokaa tu inatosha."* Kwa paa la saruji, ndiyo, inasaidia, ingawa itahitaji kurudiwa. Kwa bati, hapana. Chokaa haishiki vizuri kwenye chuma na mvua itaishusha yote uani. Bati linataka rangi yenye gundi inayoshika metali. Nalitaja jambo hili dogo kwa sababu mradi mwema unaoharibiwa na fundi mvivu huzaa msemo kwamba "tulijaribu, haikufaa."

Wala sidai kwamba rangi ni dawa ya kila kitu. Dari, matundu ya kupitisha hewa juu ya ukuta, baraza pana na miti ya kivuli vyote vina nafasi yake. Lakini mti unahitaji miaka, na dari inahitaji mbao. Rangi inahitaji siku chache za ukavu, na ndiyo sababu naiweka mbele.

Haki yako na kazi yako

Makala hii ni ya uraia, hivyo haitakamilika bila kukuonyesha mlango wa kubisha.

Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila Mganda haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazungumza kwa sauti hiyo hiyo. Hatujazoea kulisoma darasa kama mazingira. Tunadhani mazingira ni misitu na mito. Lakini mtoto anakaa darasani saa nyingi kuliko anavyokaa msituni. Darasa linalomfanya azirai haliwezi kuitwa mazingira yenye afya, hata kama nje yake pamepandwa maua.

Uganda ina Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013. Sheria ya ujenzi ina wajibu wa kuhakikisha kwamba jengo halimwangukii mtu. Sasa tuitake izingatie pia kwamba jengo linaweza kumdhuru mtu bila kuanguka.

Mwaka 2023 taifa letu lilisema neno *mabati* kuliko pengine mwaka wowote mwingine. Mabati yaliyokusudiwa wananchi wa Karamoja yalipelekwa kwingine, na mawaziri wakafikishwa mahakamani. Ilikuwa haki kuuliza mabati yamekwenda wapi. Lakini hata kama kila bati lingefika Karamoja, katika lile jua, tungepaswa kuuliza swali la pili: likifika, litamfanyia nini mtu anayelala chini yake? Uwajibikaji haukomi kwenye idadi ya vipande. Unafika hadi kwenye ubora wa maisha ambayo vipande hivyo vilinunuliwa kuyaboresha.

Kwa hiyo, msomaji, nakupa kazi tatu, kama ilivyo desturi ya mwalimu.

Kwanza, *pima*. Chama cha wanafunzi wa sayansi shuleni kwenu kitafute vipande viwili vya bati vinavyolingana. Kimoja kiachwe kama kilivyo, kingine kipakwe rangi nyeupe. Vyote vifunike masanduku mawili yanayofanana, na ndani ya kila sanduku pawekwe kipimajoto. Wanafunzi waandike vipimo kila saa kuanzia asubuhi hadi jioni kwa wiki moja. Jedwali lililoandikwa na watoto wa kijiji ni vigumu kulipuuza katika kikao kuliko maneno yangu.

Pili, *uliza*. Katika mkutano wa wazazi, katika kamati ya usimamizi wa shule, katika baraza la kaunti ndogo, na katika mkutano wa bajeti wa wilaya, simama uulize swali moja: zabuni ya jengo hili inasema nini kuhusu joto la paa? Ukiambiwa haisemi kitu, omba jibu hilo liingizwe katika kumbukumbu za mkutano. Ukimya ulioandikwa una uzito ambao ukimya wa mdomo hauna.

Tatu, *pendekeza maneno*. Usiende na malalamiko matupu. Nenda na sentensi iliyo tayari, mfano huu: "Paa la jengo hili liwe la rangi nyeupe au nyingine yenye uwezo wa juu wa kuakisi jua na kutoa joto, rangi isiwe na risasi, mkandarasi aoneshe cheti cha kiwanda, na gharama ya kuliosha na kulipaka upya iwekwe katika bajeti ya matengenezo." Sentensi hiyo moja, ikiingia katika zabuni, itafanya kazi kuliko makala kumi kama hii.

Na wewe mwenye dhamana, mhandisi wa wilaya au mkuu wa shule unayesoma haya, ninakuheshimu na ninajua fedha zako ni chache. Sikuombi ujenge upya. Nakuomba kwamba safari ijayo utakapoletewa kitabu cha rangi ili uchague, usichague kwa jicho la mgeni atakayeitazama shule kutoka barabarani. Chagua kwa ajili ya mtoto wa darasa la tatu atakayeketi chini yake saa nane mchana mwezi wa Februari, akijaribu kukokotoa hesabu ya kugawanya.

Msimu wa joto utarudi. Utarudi Juba, utarudi Gulu na Moroto, na vipimo vya dunia havituahidi kwamba utakuja mpole kuliko uliopita. Muda uliobaki kabla ya hapo unatosha kwa mikutano miwili ya wazazi na kikao kimoja cha bajeti. Ulizia tarehe zake wiki hii.